Maswali ya Wasomaji: Alasiri ya Mshipi Ndani ya Hifadhi

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa watu wanaojiandaa kutupa mshipi katika hifadhi za wanyamapori za pwani, kule kwenye maji mafupi: midomo ya vijito, mikoko, mashamba ya nyasi bahari. Habari za kibali, idadi ya samaki na urefu unaoruhusiwa ziulize langoni, maana kila hifadhi ina sheria zake. Hapa tunajibu mambo ya maji, samaki na vifaa.

Swali: Nina alasiri moja tu, kuanzia saa saba mchana mpaka lango lifungwe jioni. Nianze saa ngapi, na nikae wapi? – Mwenye siku moja

Weka saa pembeni kwanza, chukua jedwali la maji, lile linaloonyesha saa za kujaa na kupwa. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kumi na kitu. Maji yaliyojaa leo saa nane mchana, kesho yatajaa karibu na saa tisa. Ukiweza kuchagua siku, chagua ile ambayo maji yatakuwa katikati ya mwendo wake kati ya saa tisa na saa kumi na moja.

Tunasema katikati kwa sababu maji hayaendi kwa kasi moja. Chukua tofauti ya kujaa na kupwa, uigawe mafungu 12. Saa ya kwanza huondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 1.2, saa ya kwanza maji yatashuka sentimita 10 tu, lakini saa ya tatu na ya nne yatashuka 30 kila moja. Nusu ya maji yote hupita katika saa hizo mbili, na mkondo huo ndio unaong'oa kamba na vidagaa maficho yao. Maji yakisimama, kula chakula chako.

Yakiwa yanajaa, samaki hupanda nayo. Mkizi na chaa huingia kwenye nyasi ambazo muda mfupi uliopita hazikuwa na maji ya kuogelea, kolekole na changu wakiwafuata nyuma. Hapo tembea taratibu juu ya mchanga ukitupa mbele yako kwenye kingo za nyasi. Yakiwa yanapwa, usiwafuate tena. Kaa pale kijito kinapomwaga kwenye maji makubwa, kwa sababu kila kiumbe kilichojificha kwenye mizizi ya mikoko lazima kipite mlango huohuo, na samaki wakubwa wanalijua hilo kuliko sisi. Tupa upande wa juu wa mkondo, uache chambo kiteremke na maji. Kamba mdogo hana nguvu ya kupanda mkondo mkali. Akionekana anaupanda, samaki mzoefu anamwacha.

Jedwali limeandikwa kwa bandari fulani. Ndani ya vijito maji huchelewa, mara nyingine saa nzima au zaidi. Ukifika, chomeka kijiti ukingoni pale maji yanapogusa mchanga, kisha kiangalie baada ya dakika kumi: utajua maji yanaenda wapi na kwa kasi gani, bila kubishana na karatasi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, mkondo ni mkali na kila mlango una kazi. Siku za maji mafu tafuta milango myembamba, ambako hata mkondo dhaifu hubanwa ukapata nguvu. Na kama hifadhi yako ni ziwa la chumvi lenye mlango mmoja mdogo baharini, upepo husukuma maji kuliko mwezi. Jedwali halitakufaa kitu.

Saa saba hadi saa tisa usitegemee makubwa kwenye maji ya magotini. Maji ya bahari yenye nyuzi 20 hubeba kama miligramu 7.4 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 6.2, na hapohapo samaki anahitaji nyingi zaidi kwa kuwa mwili wake umepata joto. Basi huondoka, huenda kwenye mifereji yenye kina na chini ya vivuli vya mikoko. Mtafute huko. Kuanzia saa kumi jua likishuka, liweke ubavuni. Likiwa mgongoni kivuli chako kinamfikia samaki kabla ya chambo. Likiwa usoni huoni chochote majini, hata ukivaa miwani ya kuondoa mng'ao, ambayo kwa uvuvi wa namna hii ni kifaa cha lazima.

Panga kutoka kabla ya kuingia. Kama njia yako ya kurudi inakatisha mfereji, na maji yanajaa, ule mfereji wa magotini saa tisa unaweza kuwa wa kifuani saa kumi na moja. Kama uko kwenye mtumbwi na maji yanapwa, utakaa kwenye tope mpaka usiku, huku lango limefungwa.

Swali: Nataka ufito mmoja na rili moja (kile kifaa cha kuzungushia mshipi) kwa kazi yote. Ninunue vya ukubwa gani? – Mgeni wa mshipi

Ufito wa mita 2.1, wenye ncha laini na kiuno kigumu, unaotupa uzito wa gramu 5 hadi 20. Rili ya namba 2500 au 3000. Mshipi wa kusukwa unaobeba kilo 4.5 hadi 7, mita 200 zinatosha. Mbele yake funga kipande cha flurokaboni, yaani mshipi mgumu wa plastiki, chenye unene wa milimita 0.40 hadi 0.45 na urefu wa sentimita 60 hadi 90. Kipande hicho kinastahimili kukwaruzwa na chaza na mizizi ya mikoko, na hakionekani kirahisi. Mahali penye mzia wengi ongeza waya wa sentimita 15 kabla ya ndoano, maana meno yake hukata flurokaboni kama mkasi. Pasipo na mzia waya uache nyumbani, kwa sababu changu anauona.

Makosa matatu hurudi kwenye barua zetu kila msimu. La kwanza ni kuzungusha mshipi wa kusukwa moja kwa moja juu ya bobini tupu, ile sehemu ya rili inayobeba mshipi. Mshipi huo unateleza, kwa hiyo samaki akivuta, furushi zima huzunguka juu ya bobini na mwenye rili hudhani breki imekufa. Anza na mita tano za nailoni, ndipo uunge. La pili ni kujaza bobini mpaka mdomoni. Acha milimita 2, la sivyo pete za mshipi zitaruka kwa wingi na kufanya fundo la upepo. Funga kile kipindo cha waya kinachoongoza mshipi kwenye bobini kwa mkono baada ya kutupa, kisha uvute mshipi kidogo ukaze kabla ya kuzungusha.

La tatu ni breki. Mshipi wa kusukwa haunyumbuki, kwa hiyo breki ndiyo mnyumbuko wako wa pekee. Ifunge kwenye robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi: kwa mshipi wa kilo 4.5, kati ya kilo 1.1 na 1.5. Usikisie. Funga ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, inua ufito kama unavyopambana na samaki, na usome mizani pale rili inapoanza kutoa mshipi.

Ukirudi, kaza breki kwanza ili maji yasiingie kwenye vibao vyake, mwagia rili maji baridi ya bomba kwa mnyunyizo mdogo, ikaushe, kisha ilegeze breki kabisa. Maji ya kasi huisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa.

Swali: Fundo langu la kuunga mshipi na flurokaboni hufumuka kila nikipata samaki wa maana. Nakosea wapi?

Karibu kila mara ni hesabu ya mizunguko. Mshipi wa kusukwa ni mwembamba na unateleza, kwa hiyo unahitaji mizunguko mingi kuliko flurokaboni. Laza ncha mbili zipishane kwa sentimita 20. Kwa ncha ya kusukwa tengeneza kitanzi, izungushe mara 8 ndani ya kitanzi ikizibana nyuzi zote mbili, kaza nusu. Kwa ncha ya flurokaboni fanya vivyo hivyo mara 5. Lowesha mafundo yote mawili kwa mate, kisha vuta mishipi mikuu polepole hadi mafundo yakutane. Ukivuta makavu na kwa ghafla, msuguano huunguza flurokaboni. Utaiona imejikunja kama nywele iliyopita karibu na moto. Fundo hilo likate ufunge upya. Ncha zilizobaki zikate zibaki milimita 2, zisikwame kwenye pete za ufito.

Swali: Ndugu wahariri, hifadhi ninayokwenda imepiga marufuku chubwi za risasi, vile vizito vya madini vya kuzamishia mshipi. Gramu saba za risasi zinamdhuru nani katika bahari yote hii? – Asiyeelewa

Zinamdhuru ndege, ndugu yetu. Ndege wengi wa majini humeza changarawe ili firigisi isage chakula. Chubwi ndogo iliyoanguka kwenye tope ni changarawe kama nyingine. Ikiingia kwenye firigisi husagwa na mawe na kulainishwa na asidi ya tumbo, risasi inaingia kwenye damu, na ndege hupooza taratibu: kichwa kinalegea, hali, anakufa. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1987 chubwi za risasi za kati ya gramu 0.06 na 28.35 baada ya mabata maji kufa kwa namna hiyo. Tazama ukubwa huo: ni zile ndogo, zinazomezeka, ndizo zilizolengwa.

Mbadala upo, ila usibadilishe gramu kwa gramu ukategemea matokeo yaleyale. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3. Bismathi ina 9.8, chuma 7.8, bati 7.3, tangsteni 19.3. Chubwi ya chuma ya gramu 7 ina ujazo unaozidi ule wa risasi kwa karibu nusu, kwa hiyo inazama polepole, inashikwa na mkondo na kupeperushwa na upepo. Ulipokuwa unatumia gramu 7 za risasi, panda hadi 10 za chuma. Tangsteni ni ndogo na inagonga chini vizuri, lakini tundu lake likiwa na ukingo mkali hukata mshipi. Nunua yenye mrija wa plastiki ndani, au weka ushanga kati yake na fundo. Kwa maji ya magotini hata hivyo, mara nyingi huhitaji chubwi yoyote. Kamba mzima kwenye ndoano ana uzito wa kutosha.

Swali: Samaki humeza ndoano mpaka tumboni, nami wengi natakiwa kuwarudisha. – Mama wa wavuvi wawili

Dada yetu, badilisha ndoano, na ubadilishe mkono. Tafuta ndoano ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda ndani ikielekea shina. Samaki akiimeza na kugeuka, ndoano huteleza kutoka kooni bila kushika kitu, na inapofika pembe ya mdomo ndipo inapozunguka na kuingia. Ukinyakua ufito kwa nguvu kama ulivyofundishwa, unaitoa nje kabla haijazunguka. Kazi yako ni kuacha mshipi ukaze, kisha kuzungusha rili taratibu bila kusita. Wavuvi wa miaka mingi ndio wanaopata taabu hapa. Watoto hujifunza kwa dakika tano.

Kwa kamba na mkizi wadogo chukua namba 1/0 hadi 3/0, isiyopinda upande: ukiilaza mezani ncha na shina viguse meza pamoja. Iliyopinda upande hushika popote, hata kooni, na faida yote inapotea. Minya kwa plaizi kijino chake, kile kinachoizuia ndoano kutoka. Epuka ndoano zisizoshika kutu, kwa sababu ile utakayoiacha ndani ya samaki ni afadhali iliwe na chumvi. Na usizibe nafasi kati ya ncha na shina kwa chambo kingi. Nafasi hiyo ikijaa ndoano haina pa kushikia.

Kamba hai mtunge kwenye pembe ya kichwa, mbele ya lile doa jeusi linaloonekana ndani. Ukilichoma doa, kamba amekufa. Pakiwa na mkondo mkali mng'oe kipepeo cha mkia umtunge kutokea nyuma, asizunguke kama pangaboi na kuusokota mshipi.

Ukipenda chambo bandia cha mpira, kichwa cha uzito cha gramu 4 hadi 7 kinatosha kwenye mchanga. Juu ya nyasi tumia ndoano pana ambayo ncha yake imezikwa ndani ya mpira, la sivyo kila mrusho utarudi na shada la nyasi.

Swali: Mwari alidaka chambo changu na ndoano ikamshika bawani. Nilikata mshipi akaruka. Nilifanya vizuri?

Hapana. Ndege anayeruka na mita tano za mshipi hurudi kulala kwenye mikoko, mshipi unajisokota tawini, na asubuhi ananing'inia. Wengine husokotwa kwenye mshipi huohuo.

Acha kuzungusha kwa pupa. Mvute taratibu, mtie kwenye wavu wa mkono, mfunike kichwa kwa taulo au fulana. Giza linamtuliza. Kunja mabawa yote mawili kwenye mwili wake, umbane chini ya kwapa. Ukimshika mwari mdomo, weka kidole katikati ubaki wazi kidogo: matundu yake ya pua yamezibika na anapumulia mdomoni, ukiufunga unamnyonga. Korongo, yangeyange na mnandi ni shauri lingine, hao hulenga macho. Vaa miwani, na mdomo wao usiuachie hata kidogo, ila wa mnandi usiubane ukafungika kabisa, maana naye hupumulia mdomoni.

Ndoano iliyoingia kwenye ngozi usiirudishe nyuma. Isukume mbele mpaka kijino kitokeze, kikate kwa plaizi, ndipo uvute shina litoke lilikoingilia. Kagua mabawa, miguu na shingo kama kuna mshipi mwingine wa zamani. Mara nyingi upo. Iliyomezwa usiivute kabisa. Mweke ndege kwenye boksi lenye matundu na mpigie askari wa hifadhi.

Kuzuia ni kazi ndogo zaidi. Usitupe chini ya ndege wanaopiga mbizi. Chambo kilichobaki na matumbo ya samaki usiwarushie, maana ndege aliyelishwa hapo leo kesho atakuja juu ya mshipi wa mwenzio. Mifupa ya samaki aliyechunwa ni mibaya zaidi, hutoboa koo na mfuko wa mwari. Vipande vya mshipi vitie mfukoni, navyo ukivitupa pipani uvikate vifupi kwanza, kwa kuwa ndege hufika mpaka kwenye mapipa.

Swali: Nina mashua ya injini ndogo. Nikikwama kwenye nyasi bahari, je, nirudishe nyuma kwa nguvu?

Zima injini. Parapela inayozunguka kwenye nyasi haikati majani tu. Inang'oa mashina yanayotambaa chini ya mchanga, ambayo ndiyo yanayotoa majani mapya. Aina kubwa za nyasi hutambaa polepole sana, kwa hiyo mfereji ulioukata kwa sekunde kumi unaweza kubaki uchi miaka kadhaa, na mkondo ukiingia humo unauchimba na kuupanua. Injini nayo inanyonya tope na mchanga kwenye pampu yake ya kupozea. Hakuna anayepata faida.

Inua injini. Hamisha watu na mizigo upande ulio juu ya maji marefu, sukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, kurudi njia uliyojia. Isipotoka na maji yanajaa, ngoja. Maji yakiwa yanapwa una dakika chache tu, shukeni majini muisukume kwa mikono.

Dalili za kukwama huja kabla: mkia wa maji nyuma ya mashua unageuka kahawia, na vipande vya majani mabichi vinaelea. Ukiona hivyo umeshaanza kulima. Jifunze rangi. Buluu ni kina, kijani ni wastani, nyeupe ni mchanga ulio karibu, kahawia ni nyasi au miamba, na kahawia jua likiwa chini hudanganya hata wenyeji.

Kwa kuvua penyewe, injini ikae imeinuliwa tangu mita 200 kabla. Upondo hausikiki. Simama tezi, yaani nyuma ya mashua, zamisha ncha karibu na ubavu ikiwa wima, kisha sukuma nyuma kwa mwili mzima huku mikono ikipanda upondo. Ukiuchomeka mbali na ubavu mashua inageuka badala ya kwenda. Kwenye tope, uzungushe kidogo kabla ya kuuvuta, ujinasue, vinginevyo itaondoka mashua abaki mtu. Kasa na nguva nao hulisha kwenye nyasi hizi na wanapanda juu kuvuta pumzi. Ukiona pua au duara laini la maji yaliyotulia katikati ya mawimbi madogo, simamisha kila kitu.

Swali: Nikitembea majini, nijilinde vipi na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani?

Buruta miguu, usiinyanyue. Taa hulala chini amejifunika mchanga. Akiguswa ubavuni huondoka, akikanyagwa mgongoni hupiga mkia. Vaa viatu vigumu, ingawa mwiba wake hupenya vingi.

Akikuchoma, toka majini, osha jeraha, kandamiza damu, kisha tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto ya nyuzi 42 hadi 45 kwa dakika 30 hadi 90. Joto hupunguza maumivu ya sumu yake. Pima maji kwa mkono au mguu mzima, maana wenye maumivu unaweza kuungua usijue. Mwiba uliobaki shingoni, kifuani au tumboni usiung'oe, ni kazi ya hospitali. Nenda hospitali hata kwa jeraha la mguu, vipande vya mwiba hubaki ndani na kuoza.

Hongwe naye ana miba mitatu yenye sumu, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya mbele. Mtoe ndoano kwa plaizi akiwa bado majini. Bunju mwachie kabisa. Sumu yake haiishi kwa kupikwa.

Swali: Nawarudisha samaki wote, lakini wengine hugeuka tumbo juu. Kwa nini?

Jua, muda na mikono mikavu. Alasiri ya joto samaki aliyepambana dakika kumi amemaliza pumzi, na ukimtoa nje kwa picha unamnyima ile kidogo iliyobaki. Tumia mshipi wenye nguvu ya kutosha ili pambano liishe upesi. Mtoe ndoano akiwa ndani ya maji, kwenye wavu wa mpira usio na mafundo. Lowesha mikono, ute wa ngozi yake ndio kinga yake. Picha ikiwa lazima, vuta pumzi yako pamoja na kumnyanyua. Ukihisi unaihitaji, yeye ameihitaji zamani. Samaki mkubwa usimning'inize kwa taya, mshike tumbo kwa mkono wa pili.

Aliyemeza ndoano, kata mshipi karibu na mdomo umwache. Kumchokonoa kooni kunamuua kwa uhakika zaidi kuliko ndoano yenyewe.

Kumfufua, mshike wima akielekea mkondo, mdomo wazi kidogo. Usimsukume mbele na nyuma, maji hupita kwenye matamvua kwa njia moja. Mwachie atakapojivuta mwenyewe. Papa wakianza kuzunguka, hama. Kila unayemrudisha unawapakulia.

Swali: Kijito kinachoonekana kizuri kuliko vyote kimewekewa maboya ya kukataza. Si uonevu?

Kina sababu, na moja yake ina faida kwa mshipi wako. Kwenye ufukwe wa Florida, Marekani, eneo la maji la Merritt Island lilifungwa mwaka 1962 kwa usalama wa kituo cha kurushia roketi. Hakuna aliyekuwa anawaza samaki. Miongo minne baadaye, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Science ulionyesha kwamba samaki wengi wa rekodi za dunia, wa aina zinazoishi hapo, walikuwa wamevuliwa kwenye maji ya jirani. Samaki walizeeka ndani, wakanenepa, wakatoka. Kwa hiyo vua mpakani, hasa maji yanapopwa na mkondo ukitoka ndani ya maboya, ila mshipi wako usivuke.

Sababu ya pili ni viota. Ndege akiruka kwa hofu alasiri, mayai au makinda hubaki juani, na dakika chache za jua kali zinatosha. Shakwe na kunguru nao wanangoja nafasi hiyo. Pelican Island, hifadhi ya kwanza ya taifa ya ndege Marekani, ilitengwa Machi 1903 kwa ajili ya ndege tu. Ndege wakianza kunyoosha shingo na kusimama viotani, umeshakaribia mno, rudi nyuma mpaka wakae.

Swali: Naruhusiwa kuchuna samaki palepale ili nirudi na minofu tu?

Hata pale ambapo sheria haisemi, mlete mzima. Askari langoni anapima urefu, na mnofu hauna urefu. Pima mwenyewe kwanza, ukijua kama hapo hupimwa mpaka ncha ya mkia au mpaka kwenye panda yake, maana tofauti ya sentimita kadhaa inatosha kukutoza faini. Mdomo uwe umefungwa, samaki amelala juu ya rula. Utepe unaopinda juu ya tumbo lake huongeza urefu ambao hana.

Wa kubaki naye mtoe damu mara moja kwa kumkata matamvua, kisha mzike kwenye barafu iliyochanganywa na maji kidogo ya bahari. Mchanganyiko huo humgusa mwili mzima na kumpoza haraka kuliko barafu tupu isiyo na maji, inayomgusa hapa na pale. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na kwenye joto la alasiri ongeza nusu.